Lita Nane za Kwenye Karatasi

Mwanangu Atija,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga shangazi zako, na najua hutarudi upesi, maana kila nyumba utapewa chai na kila nyumba utalizwa. Nimeona niutumie mwanya huu. Tangu Jumatano najaribu kukuambia kwa mdomo, na kila nikifungua kinywa zinatoka habari za unga na sabuni. Kuandika ni nafuu kidogo. Nilisoma Mtwara mpaka darasa la saba, basi mwandiko wangu utauvumilia, na Kireno chako kiweke kando kwa saa moja.

Jumatano ulirudi na barua ya kazi unaipepea kama bendera. Ukanieleza kazi yenyewe: utakaa Pemba, hii yetu ya Msumbiji, kwenye yadi ya kampuni inayowabebea mizigo watu wa gesi, utaandika kila dereva amechukua lita ngapi na amekwenda kilomita ngapi, kisha utalinganisha na kitabu cha gari cha kiwandani. "Likila kupita kitabu, mama, dereva anaitwa ajieleze. Hivyo ndivyo wanavyokamatwa wezi wa mafuta." Ulisema kwa furaha. Mimi nikainuka kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri. Ukadhani nimechukia kwa kuwa unaondoka. Kweli sipendi uondoke, lakini kilichonifunga mdomo ni kingine.

Mambo ya kufunga mlango na kula kwa wakati utaambiwa na shangazi zako mpaka masikio yakuume. Mimi nitakuandikia kosa langu tu. Nimetembea nalo miaka minne sasa, na limenichosha kuliko majora yote ya vitenge niliyowahi kuyavusha Ruvuma.

Unaukumbuka mwaka ule gesi ilipoonekana huko baharini. Palma hapa iligeuka katika msimu mmoja. Watu wenye kofia za plastiki na mabuti walijaa, chumba ambacho jana alilala mbuzi leo kilikuwa na kitanda na mgeni, na mwenye gari alikuwa mfalme. Mimi nilikuwa nimechoka kubembeleza magari ya watu kwa mizigo yangu. Nikauza shamba la minazi aliloniachia baba, nikaenda Pemba na mjomba wako Momade kununua pikapu. Wewe unamjua Momade kwa jina la mjomba. Kwangu ni mdogo wangu tuliyeachiana ziwa, niliyembeba mgongoni mama alipokwenda shamba. Udereva aliujulia Lindi, na tulikubaliana: gari langu, usukani wake.

Muuzaji alitupa karatasi inayong'aa, na juu yake picha ya pikapu kama letu limesimama mlimani kwenye theluji. Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kireno, na katikati yake nambari: kilomita mia moja, lita nane. Momade akaisoma mara mbili, akasema, "Dada, hii lita nane ni ya huko kwao." Nikamwambia asinitie nuksi kabla hatujatoka dukani.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapojionea aibu zaidi. Mimi ni muuza nguo. Mtu wa Mtwara akiniambia jora hili ni mita thelathini, nitamshukuru, nitamsifu mpaka marehemu bibi yake, kisha nitalikunjua mbele yake na kulipima upya, pindo kwa pindo. Umeniona nikifanya hivyo tangu ulipokuwa unatambaa. Hakuna karatasi iliyobandikwa kwenye jora ambayo nimewahi kuiamini. Lakini ile ya gari niliikunja nikaiweka ndani ya msahafu wangu, kwa kuwa ilikuwa inang'aa na imeandikwa na watu waliosoma.

Kazi ikapatikana mara moja. Shefe mmoja, bosi wa wapima ardhi, alilikodi gari kwenda Nhica do Rovuma na kurudi, karibu kila siku, na watu watano, mapipa ya maji na vyuma vyao vya kupimia. Na kila siku dizeli ilikwisha kabla ya hesabu yangu. Nilikuwa nanunua kwa madumu, na dumu nalijua. Kwa nambari ya karatasi yalitakiwa kuingia mawili, yakaingia matatu. Yalitakiwa matatu, yakaingia matano na zaidi.

Nilimwuliza Momade jioni moja akiwa anaosha magurudumu.

"Dada, mchanga unakula."

"Mchanga hauna mdomo, Momade."

"Njoo siku moja upande, uone kama hauna. Kutoka hapa mpaka Nhica nusu ya njia naenda gia ya kwanza na ya pili, magurudumu yote manne yanakokota. Matairi nayapunguza upepo ndiyo tupite. Wale mabwana wakishuka kupima hawataki nizime injini, wakirudi wanataka wakute baridi ndani. Nakaa saa mbili gari linanguruma halijaenda hatua. Karatasi yako imeyaandika hayo?"

Nikamwambia karatasi imeandika lita nane. Nakumbuka alivyonitazama, kitambaa mkononi, maji yanamchuruzika. Hakubishana tena. Angebishana labda ningepanda.

Sikupanda. Nilikuwa na duka, nilikuwa na foleni ya wateja, nilikuwa na ukubwa wangu. Badala yake nikaanza kusikiliza watu, na watu wa hapa wakati ule walikuwa na habari moja tu: madereva wananyonya mafuta. Na kweli wengine walinyonya, sitakudanganya; dizeli iliuzwa kwenye chupa za maji kuanzia sokoni mpaka njia panda. Siku moja nikaingiza mkono nyuma ya kiti cha pikapu nikatoa mpira wa bomba, mrefu kiasi cha mkono wangu mara mbili. Sikuuliza ni wa nini. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba kila dereva wa njia ile anao, maana gari la mwenzako likiishiwa mafuta porini unamnyonyea lita mbili kutoka lako afike.

Sasa fikiria akili yangu siku ile. Nina karatasi, nina mpira, nina maneno ya sokoni. Nikaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuomba isomwe Halbadiri.

Wewe ni mtoto wa hapa, huhitaji kuelezwa Halbadiri ni nini. Unajua kwamba haitajwi jina. Inasomwa mbele ya watu, aliyeiba anaachiwa Mungu, na dalili yake, wanavyosema wazee, ni kuvimba. Mwalimu alinikalisha, akaniuliza, "Binti yangu, una hakika kitu kimepotea?"

"Ninayo karatasi, mwalimu."

"Sikuulizi habari ya karatasi. Kitu kimepotea?"

"Lita nane, mwalimu. Imeandikwa."

Aliniuliza mara ya tatu, nami nikajibu vilevile mara ya tatu. Akashusha pumzi. Ijumaa baada ya swala ikasomwa barazani kwake, watu wamejaa, wali umepikwa. Jina halikutajwa, lakini pikapu langu lilikuwa na dereva mmoja tu. Momade mwenyewe alikuwepo, amekaa karibu na mlango na kanzu yake nyeupe. Aliitikia amina pamoja na wote. Nilimwona akiitikia, nikasema moyoni, tazama moyo wa mwizi ulivyo mgumu.

Haikupita wiki, jino likamwuma. Lilikuwa jino bovu alilohangaika nalo tangu Ramadhani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimempa karafuu alitie. Shavu la kushoto likavimba mpaka jicho likafumba. Atija, alipotembea njiani siku zile watu walisimama. Wanawake waliacha kisima. Hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo lilikuwa baya, maana neno ungelijibu. Nilijua ni jino. Mimi, dada yake, niliyempa karafuu, nilijua ni jino, na bado kipande cha moyo wangu kikasema, labda.

Alikuja dukani asubuhi na uso ule, akaniwekea ufunguo juu ya jora la kitenge. "Gari lako, dada. Endesha." Akavuka Ruvuma siku hiyohiyo na mkewe na begi moja, akaenda Mtwara kwa watu wa mama.

Wewe ulikuwa shuleni, darasani wakikuita mpwa wa mnyonya mafuta. Ulirudi ukaniuliza, "Mama, kweli mjomba aliiba?" Nikakujibu, "Wewe soma tu." Idi ilipofika, Momade akakutumia viatu vya shule, vyeusi, vya kufunga kamba. Ukasema huvai viatu vya mwizi. Nilikusikia kutoka jikoni. Mkono wangu ulikuwa kwenye unga na nikaendelea kukanda.

Kumbe wakati ule nilikuwa nimeshaanza kujua. Dereva wa pili alikuwa kijana mchamungu, na dizeli ikaisha kama ya Momade. Nikamwondoa bila kelele. Wa tatu alikuwa mzee wa Nangade asiye na haraka ya dunia. Ikaisha vilevile. Wanyonyaji watatu mfululizo, na wote wananyonya kiasi kilekile? Hata mimi na ukaidi wangu niliona hesabu inanisuta. Basi siku moja nikafunga duka, nikapanda.

Nilifanya kama ninavyofanya na jora. Tangi nikalijaza mpaka shingoni, dizeli ikaonekana mdomoni. Nikakaa mbele, mzee akashika usukani, tukaenda Nhica na kurudi, bila mzigo, bila shefe, bila hewa ya baridi. Niliposhuka kuswali nilichukua ufunguo. Nikayaona yote aliyoniambia Momade: gia inavyolia, mchanga unavyolivuta gari kurudi nyuma, mzee anavyotoka jasho kwa kwenda mwendo ambao mbuzi angetupita. Tuliporudi nikajaza tena kwa dumu la lita tano. Kwa hesabu ya karatasi dumu moja lingetosha. Nikamimina la kwanza likaisha. Nikafungua la pili, na lilipokwisha nusu tangi bado lilikuwa linameza. Nilikaa chini palepale mchangani nikiwa na dumu mikononi. Mzee aliniuliza kama naumwa.

Yadi ya wapima ardhi ilikuwa na fundi mmoja Mbrazili, mtu wa mzaha, aliyezoea kununua vitenge kwangu ampelekee mkewe. Nikampelekea karatasi yangu, imechakaa sasa, nikamwuliza kwa Kireno changu cha dukani hawa walioandika lita nane walipita njia gani.

Akacheka. "Hawakupita njia, Dona. Gari linafungwa ndani ya chumba, magurudumu yanazunguka juu ya magogo ya chuma. Hakuna upepo, hakuna mchanga, hewa ya baridi imezimwa. Mashine inanusa moshi na kuhesabu."

"Na abiria?"

"Dereva tu."

"Kwa hiyo halikwenda popote."

"Halikwenda popote. Karatasi si ya uongo, Dona, usiilaumu. Imewekwa ili ukiwa dukani ulinganishe gari hili na lile, yote yamepimwa chumba kimoja. Njia yako ya Nhica haiijui, na haikusema inaijua."

Nilitembea kurudi nyumbani na maneno hayo. Nilikuwa nimemsomea Halbadiri mdogo wangu kwa sababu ya gari ambalo halikutoka chumbani. Nililia sana, Atija. Ulikuwepo, ukaniuliza, nikasema moshi wa kuni.

Nilikwenda kwa mwalimu ifunguliwe. Alisoma alichosoma, kisha akaniambia, "Kisomo nimekifunga. Midomo ya watu sina uwezo nayo, hiyo uliifungua wewe." Nikavuka mpaka Mtwara. Momade anaziba pancha za baiskeli pale stendi, usukani haushiki tena. Alinipokea vizuri mno, mkewe akanipikia samaki wa nazi. Nikamfuata jikoni tulipobaki wawili, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Aliniinua. Akasema, "Nimekusamehe, dada, tangu zamani. Lakini ulinisomea barazani na unaniomba radhi jikoni." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha kitasa kilicholegea. Nikarudi Palma na kitasa changu, na miaka miwili mingine ikapita.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa ni woga. Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu ulijikwaa mbele ya watu. Kuuinua mbele ya watu walewale kulinishinda. Kila Ijumaa nilisema Ijumaa ijayo. Watu wameshasahau, nilijiambia. Hawajasahau. Wiki iliyopita tu mama mmoja dukani alisema Atija amepata kazi ya kukamata wezi wa mafuta, angalau ameanza kujifunzia nyumbani, wakacheka. Na mimi, kwa mazoea, nikatabasamu. Tabasamu lile limeniuma kuliko yote, na ndilo linaloniandikisha barua hii.

Kuhusu kazi yako nina neno moja tu, na hata hilo si langu. Kwetu mtoto haondoki mjomba hajamshika kichwa, basi nilimtuma mwenzangu wa vitenge akamwombe Momade aje. Amerudi jana. Momade haji. Ametuma maneno: "Mwambieni mpwa wangu aende salama, nimemridhia. Na kabla hajaliandika jina la mtu, kwanza apande gari lake." Hayo ni yako, yachukue. Kwangu mimi hakutuma kitu.

Nami nisiongeze mengi. Nambari uliyopewa ni ya kuanzia kuuliza. Ukiona dereva amepita kitabu, huenda ni mwizi kweli, wapo, na usiwe mjinga. Lakini huenda pia kuna mchanga ambao hujaukanyaga. Kalamu yako itakuwa nyepesi na kiti chako kitakuwa na hewa ya baridi, na huko ndiko nilikojikwaa mimi, kwenye duka langu lenye kivuli.

Viatu vile vyeusi viko chini ya kitanda changu. Nimevitoa leo nikavifuta vumbi. Havikutoshi tena, nimevipima kwa ndala zako.

Nakusikia unacheka huko kwa shangazi yako mdogo, basi uko njiani. Nimalizie. Kesho gari la kampuni litakuchukua pale pembeni ya msikiti wanaume wakitoka swala ya alfajiri, na wanawake watakuja kukuaga, utakuwa umati kama ule wa Ijumaa ile. Nimemwomba mwalimu nafasi ya kusema, akanikubalia kabla sijamaliza ombi. Sitasema mengi, maana sauti itanikimbia. Nitasema kwamba Momade, mdogo wangu, hakunyonya hata tone, kwamba shavu lake lilikuwa jino, na mwenye kosa ni mimi. Habari za hapa huvuka Ruvuma haraka kuliko majora. Keshokutwa itakuwa imefika stendi ya Mtwara. Kama atakuja au hatakuja baada ya hapo ni juu yake.

Ninaogopa, mwanangu. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, mimi niliyezoea kukuamuru: kesho dereva akifungua mlango, usipande haraka. Simama kando yangu unishike mkono mpaka nilitaje jina la mjomba wako.

Mama yako,
Mwanahawa